Hema la Rufaida msikitini: Nani anawauguza wagonjwa wetu?

SIFA moja ambayo Waislamu wa mijini bado hatujaipoteza ni kumjulia hali mgonjwa. Ikifika saa ya kuwaona wagonjwa, mageti ya hospitali za Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hujaa kanzu, mabaibui, chupa za uji na mahotipoti. Mtu hutoka Mbagala, akabadili daladala mara mbili, ili asimame dakika kumi pembeni ya kitanda cha jirani yake. Hili ni jema na tuna dalili zake. Ni katika haki za Muislamu juu ya Muislamu mwenzake, na katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Imam Muslim tunafahamishwa kuwa Siku ya Kiyama mja ataulizwa na Mola wake kwa nini hakumzuru alipougua. Mja atashangaa, vipi Mola wa walimwengu wote augue? Ndipo atakapokumbushwa mja fulani aliyekuwa kitandani, na kwamba lau angekwenda kumzuru angemkuta Mola wake hapo.

Lakini ndugu msomaji, kengele ikilia askari wa getini anatutoa sote. Siku ina saa 24. Tukizijumlisha saa za kuwaona wagonjwa za asubuhi, mchana na jioni, huenda zisizidi tatu au nne. Saa zote zilizobaki, na hasa zile za usiku wa manane ambazo mgonjwa mahututi huziogopa kuliko zote, mgonjwa wetu yuko na nani? Yuko na nesi. Juu ya mtu huyu hatuna darasa msikitini wala khutba, na tunapomtaja barazani mara nyingi ni kwa kumlaumu.

Kiswahili chenyewe kinatufundisha jambo hapa. Kuugua ni kwa mgonjwa. Kuuguza ni kwa yule anayekaa naye. Kabla ya kujengwa hospitali, muuguzi alikuwa mama, dada au mke aliyekesha na beseni la maji na kitambaa. Neno likahamia kazini na kuvaa sare nyeupe, lakini maana yake ya mwanzo haikupotea. Muuguzi ni mtu anayekaa na ugonjwa wa mwenzake.

Sasa tumtazame mgonjwa mmoja na muuguzi wake katika zama za Mtume (s.a.w.).

Katika Vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, sawa na 627 Miladia, Saad bin Muadh (r.a.), kiongozi wa Aws katika Answari, alipigwa mshale na mtu wa Kikuraishi aitwaye Hibban bin al-Ariqa. Mshale ukakata mshipa mkubwa wa mkono. Jeraha la namna hiyo, katika zama zisizo na kuongezewa damu wala dawa za kuua vijidudu, lilikuwa jambo la kufa na kupona. Imam Muslim amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) mwenyewe alilichoma jeraha hilo kwa moto ili damu isimame, mkono ukavimba, akalichoma mara ya pili.

Kisha akaamuru Saad asipelekwe nyumbani kwake. Ibn Is'haq katika Sira yake anasimulia kuwa aliwekwa katika hema la mwanamke wa kabila la Aslam aitwaye Rufaida, lililokuwa ndani ya Msikiti wa Mtume. Bukhari naye katika Sahihi yake amepokea habari ya hema lililopigwa msikitini kwa ajili ya Saad ili Mtume aweze kumzuru kwa karibu, na katika kitabu chake kingine, Al-Adab al-Mufrad, jina la Rufaida linatajwa wazi kuwa ndiye aliyekuwa akitibu majeruhi. Humo humo tunasoma kuwa Mtume kila alipopita jioni alimuuliza Saad amekuchwaje, na asubuhi akamuuliza ameamkaje, na Saad akamweleza hali yake. Mara mbili kwa siku! Mkuu wa dola, katika wiki ambazo Madina imetoka kuzingirwa na jeshi la watu elfu kumi, anapita kwa mgonjwa asubuhi na jioni.

Kuna sentensi ya Ibn Is'haq juu ya mama huyu ambayo haitajwi sana. Anaeleza kuwa Rufaida alijitolea nafsi yake, kwa kutarajia malipo kwa Allah, kuwahudumia Waislamu ambao hawakuwa na mtu wa kuwaangalia. Kwa hiyo hema lile halikuwa la mashujaa na viongozi. Lilikuwa la wasio na mtu, na kiongozi wa Aws akalazwa humo humo. Nani leo akiugua mheshimiwa akakubali kulazwa wodi moja na wasio na ndugu?

Je, Saad alipona? Hakupona. Alipoitwa kutoa hukumu katika jambo la Banu Quraydha ilibidi apandishwe punda kwa udhaifu aliokuwa nao. Baada ya hapo jeraha likafumuka usiku. Bukhari anapokea kuwa watu wa Banu Ghifar waliokuwa na hema jirani hapo msikitini walistukia damu inatiririka kuelekea kwao, wakauliza ni kitu gani hicho kinachotoka upande wenu. Saad akafariki dunia kwa jeraha lile. Mtume (s.a.w.) akawaambia watu kuwa Arshi ya Mwenyezi Mungu imetikisika kwa kifo chake.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Kisa mashuhuri kuliko vyote cha uuguzi katika Uislamu ni kisa cha mgonjwa aliyekufa. Hatusomi popote kuwa Rufaida alilaumiwa, wala kuwa kazi yake ilihesabika bure kwa sababu Saad hakutoka mzima. Sisi tunazungumza tofauti kabisa. Tunasema, "Huyu hana lake tena, madaktari wameshashindwa," na kwa kauli hiyo tunaanza kumhamisha mgonjwa akilini mwetu kutoka kitandani kwenda kaburini angali hai. Muuguzi wa kweli anaanza kazi pale daktari aliposema ameshindwa. Kazi ya kuuguza haikutungiwa sharti la kupona.

Ni kazi gani hasa? Wengi hatuioni kwa sababu hufanyika tukiwa nje ya geti. Mchukulie mzee wa miaka sabini aliyepooza upande mmoja, hasemi, hajigeuzi. Asipogeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, nyama ya kiunoni na visiginoni hukosa damu, ngozi huanza kuwa nyekundu, kisha hufunguka vidonda ambavyo vinaweza kufika mfupani. Kumgeuza mtu mzima asiyejisaidia kunataka mikono miwili na nguvu, na mara nyingi nesi wa zamu ya usiku yuko peke yake na wodi nzima. Mzee huyo lazima afutwe, abadilishwe pempasi, mpira wa mkojo utazamwe kama haujaziba, maji yanayoingia na yanayotoka yaandikwe. Anapumulia mdomo, kwa hiyo ulimi hukauka mpaka ukapasuka. Lazima alowanishwe midomo kwa pamba yenye maji mara kwa mara. Haya yote yafanyike kwa kufunga pazia, kwa kumfunika sehemu zisizooshwa, na kwa kumwambia kila linalofanyika: "Babu, sasa nakugeuza. Babu, maji ni ya uvuguvugu." Nesi anayesema hivyo kwa mtu asiyejibu ameelewa kuwa aliyelala pale ni binadamu mwenye haya.

Atakayesema kuwa hayo ya pamba na midomo ni mambo madogo, na asome namna Mtume wetu (s.a.w.) alivyoondoka duniani. Bibi Aisha (r.a.) anasimulia, na Bukhari amepokea, kuwa alikuwa amemuegemeza kifuani pake alipoingia kaka yake Abdurahman akiwa na mswaki mkononi. Mtume alikuwa ameshazidiwa. Akautazama ule mswaki. Aisha akaelewa jicho lile, akamuuliza kama anautaka, naye akaashiria kwa kichwa kuwa ndiyo. Akauchukua, akautafuna kuulainisha, akampa. Kisha kulikuwa na chombo cha maji, Mtume akawa anachovya mikono na kujipangusa uso. Kusoma jicho la asiyeweza kusema, kuuliza kwanza, kusubiri jibu, kulainisha, ndipo kumpa. Mwalimu wa chuo cha uuguzi angetaka kuwafundisha wanafunzi wake kumhudumia mgonjwa wa saa za mwisho, asingehitaji mfano mwingine.

Katika maradhi yale yale kuna kisa ambacho familia zetu zinakihitaji zaidi. Walimtilia Mtume dawa pembeni mwa kinywa akiwa amezidiwa, naye anawaashiria wasifanye. Wakadhani ni kule kuchukia dawa kwa kawaida ya mgonjwa. Alipopata nafuu aliwakemea, na akaamuru kila aliyekuwemo chumbani anyweshwe dawa ile, isipokuwa ami yake Abbas, ambaye hakuwa pamoja nao walipofanya. Tuangalie wodini kwetu sasa: shangazi ameshika kijiko, mgonjwa amefumba meno, uji unamiminwa mpaka unapita njia ya hewa, na nesi akimzuia shangazi anaambiwa ana roho mbaya, anataka mgonjwa afe na njaa. Aghlabu nesi ndiye mwenye haki. Mwili unaoaga hupunguza haja ya chakula, na uji ukiingia mapafuni huongeza maradhi juu ya maradhi.

Suala la maumivu nalo limechanganywa sana na suala la subira. Ni kweli tumefundishwa kuwa Muislamu hapatwi na tabu wala maradhi, hata mwiba unaomchoma, ila Allah humfutia kwayo madhambi. Lakini malipo hayo ni ya yule anayeumwa na akasubiri; hayampi mtu mwingine ruhusa ya kumwacha aumie wakati dawa ipo kabatini. Aliyetupa bishara hiyo ndiye huyo huyo aliyewahimiza watu wajitibu, na ndiye aliyetaka amwagiwe maji ya viriba saba alipokuwa na homa kali.

Dawa inayozungumzwa zaidi kwa mgonjwa wa saratani iliyosambaa ni mofini ya maji, ya kunywa. Inatolewa kwa saa, kila baada ya saa nne, bila ya kusubiri maumivu yarudi, na kwa kawaida huambatanishwa na dawa ya kulainisha choo kwa sababu mofini hufunga tumbo. Jirani zetu wa Uganda walitangulia katika jambo hili. Hospice Africa Uganda ilianza mwaka 1993 chini ya Dkt. Anne Merriman, ikawa inachanganya mofini ya unga na maji kwa gharama ndogo, na mwaka 2004 nchi hiyo ikaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika wenyewe. Maana ya hatua hiyo ni kubwa. Kijijini ambako hakuna daktari, muuguzi anayelala hapo hapo ana ruhusa ya kuondoa maumivu. Kwetu Tanzania huduma hii inafahamika zaidi kwa wanaotibiwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoundwa kuwa taasisi mwaka 1996.

Bado ziko familia za Kiislamu zinazoikataa dawa hii zikisema ni ulevi au mgonjwa atakuwa teja. Mofini kwa starehe ni haramu, hakuna ubishi. Ama mofini kwa kipimo cha tabibu kwa mtu anayelia usiku kucha, wanazuoni wengi wa zama hizi wameiruhusu kwa haja, na kwa mgonjwa wa namna hiyo uteja ni jambo la nadra. Mtu aliyetulizwa maumivu anaweza kusema wasia wake, kuomba msamaha, kuswali. Anayepiga kelele hawezi.

Tukija kwenye ibada, hapa ndipo nesi na familia wanapopishana bila ya kujua. Swala haimuondokei mgonjwa maadamu akili yake ipo. Imran bin Huswayn (r.a.) alielekezwa na Mtume kuswali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Asiyeweza kugusa maji anatayamamu. Mwenye mpira wa mkojo ana hukumu ya mwenye udhuru wa kudumu, anatawadha kwa kila swala ikiingia wakati na haambiwi asubiri mpaka atoharike kabisa, kwani huenda asitoharike tena mpaka anakufa. Ni wagonjwa wangapi wameacha swala mwezi mzima wakidhani shuka lenye doa limewafungia mlango? Nesi hata asipokuwa Muislamu anaweza kusaidia sana hapa: kusogeza kitanda kielekee Kibla, kuleta maji kidogo au kuruhusu mfuko wa udongo msafi, kuchelewesha sindano dakika tano. Lakini atajuaje ikiwa hatukumwambia kwa upole siku ya kwanza? Tunaingia na hotipoti, tunatoka, kisha tunalalamika kuwa hawajali dini yetu.

Vivyo hivyo katika saa ya mwisho. Tumeamrishwa kumkumbusha anayekata roho tamko la Laa ilaaha illa Llah, na wanazuoni wakafafanua kuwa iwe kwa sauti ya chini, bila ya kumkera, na akishalitamka asisumbuliwe tena ila akizungumza jambo jingine. Wanaolia na kugombea urithi mbele ya mtu aliyepoteza fahamu wakidhani hasikii, na wajue kuwa utafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta ubongo wa baadhi ya wagonjwa wasioitika, waliobakisha saa chache tu, bado unapokea sauti. Wauguzi wazoefu walikuwa wakisema hivyo kabla ya mashine kuthibitisha. Na roho ikishatoka, Sunna ni kufumba macho, kama Mtume alivyomfumba Abu Salama (r.a.), na waliopo waseme ya kheri kwa sababu Malaika wanaitikia amin. Mara nyingi mkono unaofanya hivyo saa tisa za usiku ni wa nesi, na jina la marehemu analijua kutoka kwenye faili tu.

Basi mtu huyo tunamtendeaje? Hapana shaka wapo manesi wenye ndimi kali, na anayemtukana mama mwenye uchungu wa kuzaa au anayetaka kitu kidogo ili abadilishe shuka anastahili kushitakiwa kwa jina na zamu yake. Lakini tusipime wote kwa hao. Mtu anayebeba wodi peke yake usiku kucha, kisha asubuhi akapokewa na ndugu kumi wanaomfokea kwa mpigo, ana haki ya kuchoka. Ndugu wachague msemaji mmoja. Waulize kwa adabu. Wajitolee kumwosha mgonjwa wao wakati wanaporuhusiwa, kwa kuwa kumwosha mzazi si kazi ya sare.

Zaidi ya hayo, watoto wetu wako wapi katika kazi hii? Wapo wazazi wanaofurahi binti akisomea uhasibu, akitaja unesi nyuso zinakunjwa: atashika wanaume, atakesha nje, nani atamuoa. Wasiwasi wa stara ni wa haki na usidharauliwe. Lakini Rubayyi bint Muawwidh (r.a.) ameeleza, na Bukhari amepokea, kuwa walitoka vitani na Mtume wakiwanywesha watu maji, wakiwahudumia na kuwarejesha majeruhi na waliouawa Madina. Imam Bukhari akaweka mlango kamili wa swali hili hili la mwanamume kumtibu mwanamke na mwanamke kumtibu mwanamume. Umm Atiyya (r.a.) alitoka katika vita saba akipika, akitibu majeruhi na kuwasimamia wagonjwa. Tunataka mama zetu wahudumiwe na wanawake wenye hijabu, huku tunawazuia mabinti wetu wasisomee kazi hiyo. Nani atazivaa hizo hijabu wodini?

Wenzetu Wakristo walilielewa hili mapema. Ndanda, Peramiho na Bugando ni hospitali zilizojengwa na kanisa, na vyuo vya uuguzi vikaota pembeni yake. Hata neno "sista" tunalomwitia nesi yeyote, awe Mwanaidi au Mwajuma, limetoka katika mazoea hayo. Sisi tuna historia ya hospitali kubwa za wakfu, kama ile ya Sultani Qalawun iliyokamilika Cairo mwaka 1284, iliyokuwa na wahudumu wa kiume kwa wanaume na wa kike kwa wanawake na kupokea tajiri na fukara. Kuisimulia tunaisimulia sana, hasa kwenye mihadhara.

Kuanza hakuhitaji Sultani. Misikiti mingi ya Kariakoo, Ilala na Temeke ina vyumba vya maduka vinavyolipiwa kodi kila mwezi. Kamati ikitenga kodi ya chumba kimoja, ikamsomesha binti mmoja uuguzi mpaka amalize, kisha ikaanza na mwingine, hakuna katiba ya msikiti itakayovunjwa. Na wale vijana wanaogawa tende wodini kila Ramadhani, wamuulize nesi wa zamu ni kitanda kipi ambacho hakijapata mgeni wiki hii.